Kemia ya Kizimba cha Adhabu

Watu wa Garnet husema Veikko Halkola aliisoma kemia huku akivuja damu, na hawatii chumvi. Nusu ya elimu yake aliipata shuleni, Jumanne jioni, kwenye dawati dogo kwa magoti yake. Nusu ya pili aliipata Jumamosi alasiri ndani ya kizimba cha adhabu, pamba imesokotwa puani, akijibizana maswali na mtu aliyekuwa ametoka kumpasua mdomo.

Mtu huyo alikuwa Rosaire Gingras wa Sainte-Blandine, ng'ambo ya ziwa. Garnet na Sainte-Blandine zilichimba mwamba uleule, wa nikeli na shaba, zikavuta moshi uleule. Lakini miji miwili iliyolelewa na shimo moja huchukiana kama wake wenza. Garnet walikuwa Wafini na Waingereza wa Cornwall. Sainte-Blandine walikuwa Wafaransa. Wakati wa joto chuki hiyo ilikuwa ya maneno tu. Ziwa likiganda ilihamia uwanjani, kwenye hoki ya barafu, na huko ilipewa watu wawili waibebe kwa ngumi: Halkola upande huu, Gingras upande ule.

Kila timu ilikuwa na mtu wa namna hiyo, na hakuwekwa pale ili afunge mabao. Veikko aliteleza kama ng'ombe juu ya sabuni, na kile kisahani cheusi, mpira wa mchezo huo, kikimfikia miguuni alikitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Kazi yake ilikuwa kulipa. Mwenzake akichezewa rafu, Veikko alitoka benchi, akamtafuta mpiganaji wa upande wa pili na kumwuliza kwa adabu kama yuko tayari. Akijibiwa ndiyo, wote wawili waliangusha fimbo na glavu, wakakamatana jezi kwa mkono mmoja na kupigana kwa mwingine. Miiko ilikuwepo. Humpigi aliyeanguka. Hugusi fimbo. Mmoja akiwa chini, imekwisha. Refa anawatenganisha na kuwapeleka kila mmoja kizimbani kwake kwa dakika tano, na katikati ya vizimba viwili anakaa mtunza saa na kengele yake.

Kupigwa, Veikko alikuzoea kabla ya kuzoea kusoma. Baba yake, Eino, mkata magogo, alikuwa mtu wa ibada na maneno machache. Akikasirika alimpeleka mwanawe kwenye kibanda cha kuni, akamvisha gunia la viazi kichwani, ndipo akampiga, ili mtoto asijue pigo linatoka wapi na asijifunze kukwepa. Mtoto alijifunza kitu kingine. Siku moja, ndevu bado hazijamwota, alirudisha ngumi moja tu akiwa mle gizani, kutoka chini kwenda juu. Eino alitema jino, akalitazama kiganjani, akasema, "Basi umekuwa mtu." Hakumgusa tena, na mwaka uliofuata kijana aliingia mgodini.

Ngumi ile ilimlisha miaka mingi. Kocha wa Garnet, Clarence Udy, ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa zamu chini ya ardhi, na mtu aliyempigania Udy Jumamosi hakupangiwa mahali pabaya Jumatatu. Wanaume walimnunulia bia. Watoto walimwomba awaonyeshe mapengo. Mkewe, Aila, ndiye aliyemshona nyusi jikoni, kwa uzi uliolowekwa kwenye pombe kali, na alizoea kusema kwamba kumshona Veikko ni kama kutia kiraka soksi kuukuu: sindano inaingia, lakini hakuna cha kushikia.

Ngozi haikuwa tatizo. Kichwa kilianza kuvuja. Kwanza yalipotea majina: la mtoto wa dada yake, la mbwa wake mwenyewe. Halafu zikapotea siku. Jumapili moja alivaa nguo za kazi, akatembea kwenye theluji mpaka lango la mgodi, akasimama pale akishangaa watu wamekwenda wapi. Yote hayo aliyafunika kwa mzaha, hadi asubuhi ile chini ya ardhi. Wakati huo alikuwa mtoboa mwamba: unatoboa matundu, unayajaza baruti, unaondoka, unalipua. Asubuhi hiyo aliinua mashine na kuielekeza ncha yake kwenye tundu ambalo alikuwa amelijaza kwa mikono yake mwenyewe kitambo kidogo tu. Mwenzake alimrukia kwa nyuma, akamwangusha kwenye matope, akamkalia kifuani na kumpiga makofi huku analia. Veikko alilala palepale akitazama taa ya kofia ya mwenzake ikitikisika. Alitafuta kichwani kumbukumbu ya kulijaza lile tundu, akakuta weupe mtupu, kama ziwa Januari.

Hakueleza sababu, lakini alimwendea Udy kuomba atolewe kwenye baruti. Udy hakuwa mjinga. Alimpa kazi ya kuangalia pampu, kazi ya wazee, na akamtajia sharti lake bila kupaza sauti: madhali unapigana, pampu ni yako, siku utakayoacha, unarudi kwenye mwamba. Daktari naye alikuwa ameshamwambia kwamba kichwa chake hakina nafasi ya ngumi nyingi zaidi. Kwa hiyo akipigana akili inakwisha, na asipopigana atarudi kwenye baruti akiwa na kichwa kisichokumbuka, ajilipue yeye na wenzake.

Mlango ulibaki mmoja. Maabara ya kiwanda cha kuyeyushia madini ilitafuta wapimaji, na mkuu wake hakuwa chini ya Udy wala hakuipenda hoki. Alichotaka ni cheti cha kemia cha sekondari. Mtihani ulikuwa Machi, Jumatatu baada ya mechi ya mwisho ya msimu.

Basi Veikko akaenda darasani na penseli mfukoni, mtu mzima wa kilo mia na kitu, akaingia na kumkuta Rosaire Gingras amekaa dawati la nyuma, mdomo umevimba kwa ngumi ya Jumamosi iliyopita. Walitazamana. Mwalimu, Bibi Olynyk, mjane wa Kiukreni mwenye sauti ya kukata kioo, aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akauliza kama wamegongwa na treni moja.

"Hapana, Madam," Rosaire alijibu. "Mimi nimegongwa na huyu. Na huyu kagongwa na mimi."

Bibi Olynyk aliwaweka dawati moja. Alisema watu wakibanana hawapati nafasi ya kuvuta mkono.

Rosaire alikuwa na maneno kama redio, na kabla ya jioni kwisha alikuwa amemweleza Veikko kwa nini yuko pale. Kaka yake, Fernand, ndiye aliyekuwa mpiganaji wa Sainte-Blandine kabla yake. Sasa Fernand alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akilishwa kwa kijiko, na kila mchana aliuliza kama mechi imeanza. Rosaire alitaka kutoka kabla kiti cha pili hakijasogezwa dirishani.

Somo lililowatesa lilikuwa la majina. Sodiamu, Bibi Olynyk alisema, ni kama mtawa: popote utakapomkuta ana chaji ileile moja, huna haja ya kumhoji. Zinki naye ana yake haibadiliki. Lakini chuma, shaba, bati na risasi ni metali za nyuso mbili. Chuma leo anakuja na chaji mbili, kesho na tatu. Shaba leo moja, kesho mbili. Ukisema "oksidi ya shaba" hujasema kitu, kwa sababu ziko mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Wazee wa maabara waliipa kila metali majina mawili ya Kilatini na kuwalazimisha vijana wayakariri. Veikko alijaribu kuyakariri mezani, Aila akimshikia karatasi. Kahawa ilipomiminwa mara ya pili, majina yalikuwa yameshamwagika yote. Alikwenda kwenye sauna, akakaa kwenye joto bila taa, akajipiga kichwa ukutani mpaka Aila akaja kumtoa.

Jumanne iliyofuata Bibi Olynyk alifuta Kilatini chote ubaoni. Siku hizi, alisema, jina linabeba namba ya Kirumi ndani ya mabano, nayo ndiyo chaji ya metali. Utaijuaje? Usiiulize metali, itakudanganya. Tazama imesimama na nani. Oksijeni kwenye hesabu zetu hizi habadiliki, hasi mbili. Klorini hasi moja. Hesabu hasi zote, zigawe kwa idadi ya metali, jumla iwe sifuri. Kwa hiyo chuma mmoja aliyesimama na klorini watatu ni kloridi ya chuma, namba tatu. Akisimama na wawili, namba mbili. Chuma ni yuleyule. Walio naye ndio wanaokuambia amekuja na uso gani.

Veikko aliinua kichwa. Hapakuwa na kitu cha kukumbuka. Kila alichohitaji kilikuwa kimeandikwa pale mbele ya macho yake, na akisahau katikati ya hesabu angeweza kuanza upya. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Veikko hakuijua methali hiyo, lakini jioni ile alikwenda nyumbani mwepesi.

Rosaire alikuwa kinyume chake. Alikumbuka kila kitu, hata namba za jezi za mwaka aliozaliwa, ila hesabu ilimshinda. Kosa lake lilikuwa moja na hakuliacha: akiona namba ndogo iliyokaa miguuni pa metali, aliikamata na kuifanya ndiyo chaji.

Mwisho wa Januari walipigana Garnet. Rosaire alimwahi kwa kushoto, ngumi ikaingia chini ya jicho na ngozi ikafunguka kama mfuko wa karatasi. Veikko alimvuta kwa kola, akampiga jichoni, akampiga puani, akampiga tena palepale mpaka akasikia kitu kimelainika. Damu iliwarukia watu wa safu ya mbele, nao wakashangilia. Walipoangushana, refa aliwatoa, wakaenda kukaa, mtunza saa katikati yao, wote wakihema kama farasi.

"Cu mbili, O," Veikko alisema bila kugeuza uso.

Rosaire alitema mate mekundu kwenye ndoo. "Oksidi ya shaba, namba mbili."

"Moja, kichwa maji."

"Nimeiona mbili kwa macho yangu."

"Jicho gani? Hilo nimelifunga mwenyewe."

Mtunza saa, mzee wa Kicornwall, aliguna kwa kicheko na kujifanya anaangalia saa.

"Ile ndogo ni idadi yao," Veikko alisema. "Shaba ni wawili. Oksijeni yuko peke yake, hasi mbili. Wanagawana. Moja, moja."

"Kugawana kwa Wafini huko. Ubahili mtupu." Rosaire aliinamisha kichwa, akashika pua yake, akaisogeza ikalia. "Haya, mimi nikuulize. Fe mbili, O tatu."

Veikko alifumba jicho lililobaki. Oksijeni watatu, hasi sita. Chuma wawili. "Namba tatu."

"Jeuri," Rosaire akasema, na kengele ikalia, wakarudi kwenye barafu.

Msimu wote ulikwenda hivyo. Mtunza saa alilalamika kwamba amekalia kiti kile tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumfundisha kitu. Kufikia Februari naye alikuwa akinong'ona majibu. Mashabiki hawakujua lolote. Waliona midomo ikienda, wakadhani ni matusi.

Jumanne ya mwisho kabla ya mtihani walisimama nje ya shule kati ya magari yao, injini zinanguruma ili zisigande. Rosaire ndiye aliyeanza. Alisema Jumamosi Udy atamtuma Veikko na kocha wake atamtuma yeye, hilo halikwepeki. Lakini Jumatatu ni mtihani, na vichwa vyao wote wawili haviwezi kuingia pale vikiwa vimetoka kupondwa. Akapendekeza hivi: yeye atamvuta Veikko jezi imfunike kichwa, Veikko atamkumbatia kiunoni, wataanguka pamoja, imekwisha. Hakuna atakayegusa kichwa cha mwenzake.

Ilikuwa aibu kubwa. Mpiganaji anayepanga pigano na adui yake hana pa kuweka uso katika mji wowote wa ziwa lile. Kwa hiyo walikubaliana wasimwambie mtu. Rosaire alimwambia mkewe tu, kwani hakuweza kumficha kitu. Veikko hakumwambia hata Aila. Walivua glavu katika baridi ile ya kukata, wakashikana mikono.

Jumamosi uwanja ulijaa hadi ngazini. Mchezo ulikuwa mchafu tangu mwanzo. Fimbo zilipiga vifundo vya miguu, mtu mmoja alitolewa na meno yake kwenye kikombe. Kisha Dale Pruden wa Garnet, mshambuliaji mwenye mbio nyingi na busara chache, alimfuata nahodha wa Sainte-Blandine kwa nyuma na kumbamiza ukutani. Uso wa nahodha uligonga mbao, akateleza chini akiacha mstari mwekundu. Rosaire alitoka benchi. Kila mtu alijua anamwendea Pruden.

Udy hakumtazama Veikko. Alisema tu, "Halkola. Kamsalimie."

Veikko aliruka kizuizi na kumkatia Rosaire njia. Fimbo zikaanguka, glavu zikaanguka. Waliposhikana jezi, Rosaire alimkonyeza. Veikko aliuona ule ukonyezo akaufikiria: ananidhihaki. Alitafuta sababu nyingine na hakuipata. Pale sababu ilipokuwa imewekwa palikuwa na weupe. Akampiga ubavuni. Rosaire aliguna, akashangaa, akamvuta jezi yote juu kwa nguvu.

Giza likashuka. Kitambaa kilimbana pua na mdomo, kikinuka jasho na sufi iliyolowa, na uwanja ukawa mbali. Alikuwa kwenye kibanda cha kuni. Gunia lilikuwa kichwani, na pigo lilikuwa linakuja, hajui kutoka wapi. Mwili ulifanya ulichojifunza. Mkono wa kulia uliponyoka kwenye kola, ukaenda chini, ukapanda na uzito wote wa mgongo na miguu.

Rosaire hakuwa amekinga. Mikono yake ilikuwa wazi, tayari kukumbatiwa. Ngumi ilimkuta kidevuni, ikamwinua, kofia ikachomoka, naye akaenda chali kama mti uliokatwa. Kisogo kiligonga barafu. Watu waliokuwa juu kabisa karibu na paa waliisikia sauti ile, na wengine wanaikumbuka mpaka leo: kama nyundo kwenye jiwe.

Upande wa Garnet ulilipuka kwa shangwe. Veikko alijinasua kutoka kwenye jezi akamwona Rosaire amelala macho wazi, mguu mmoja ukitetemeka na kukwaruza barafu kwa makali ya kiatu, kwaru, kwaru. Refa alimshika bega. Alipelekwa kizimbani huku watu wakigonga kioo kwa viganja na kuliimba jina lake, na mmoja akammwagia bia kichwani kwa mapenzi.

Aliketi. Akavuta pumzi. Kisha, kwa mazoea, bila kugeuza uso, akasema, "Cu mbili, O."

Hakujibiwa. Akarudia. Mtunza saa alikuwa ameshika kengele kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa italia yenyewe. Alisema taratibu, "Hayupo, Veikko. Bado yuko pale chini."

Veikko aligeuka kutazama kizimba cha pili, kikiwa kitupu, ndoo ya mate ikiwa safi. Hapo ndipo lilipomrudia, zima, bila kukosa kitu: magari mawili, moshi wa injini, pumzi za Rosaire zikiganda kwenye masharubu, mkono mtupu ndani ya mkono mtupu. Aliinama akatapika kati ya viatu vyake.

Jumapili alivuka ziwa kwenda hospitali. Huguette, mke wa Rosaire, alikuwa amesimama ukumbini akiwa na koti bado mwilini. Alisema mumewe amezinduka lakini hajui ni mwezi gani, na akiambiwa, kitambo kidogo anauliza tena. Alisema haya kama anayemweleza fundi kasoro ya jiko. Kisha akasema, "Aliniambia mmekubaliana. Alitoka nyumbani anacheka."

"Nilisahau," Veikko alisema.

Neno lile Huguette alilijua. Alikuwa na shemeji dirishani. Halafu akampiga kofi, na alipoona hajajikinga akampiga la pili kwa mkono mwingine, na la tatu kwa ngumi, pete ikafungua ile nyusi ambayo Aila alikuwa ameishona. Muuguzi alikuja mbio. Veikko alisimama wima mikono chini, damu ikimwingia jichoni, mpaka mwanamke alipochoka.

"Sasa nenda kafanye mtihani wako," Huguette alisema. "Ufaulu. Nikisikia umerudi kwenye barafu, nitakuja mwenyewe na shoka."

Jumatatu aliketi peke yake kwenye lile dawati la watu wawili. Bibi Olynyk alitazama nyusi yake iliyofungwa, akatazama nafasi tupu pembeni, akamwekea karatasi. Kichwa kilimuuma kama kimebanwa kwenye jiliwa la fundi. Swali la majina lilikuja, herufi zikacheza, alichosoma wiki nzima kikawa kimekwenda. Hakuogopa. Aliweka kidole kwenye oksijeni. Hasi mbili. Wako wawili, hasi nne. Bati yuko peke yake. Oksidi ya bati, namba nne. Akasahau alipofika, akaweka kidole tena, akaanza upya. Alipokutana na Cu₂O alikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akaandika moja, na tone la damu likadondoka pembeni ya mabano.

Alifaulu, si kwa kishindo, lakini maabara haikudai kishindo.

Udy alimpata siku chache baadaye kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanaume wa zamu wakiwa wamejaa, nusu yao uchi. Hakuna aliyewahi kumwona Udy akipigana. Alimwita Veikko mwoga, akamwita Mfaransa, na aliposikia kwamba barua ya maabara imeshatiwa sahihi alichomoa betri ya taa kwenye mkanda wa mtu na kumpiga nayo taya. Veikko aliyumba. Mkono wa kulia ulianza kushuka, kila mtu akauona. Kisha akafanya jambo ambalo Garnet haijamaliza kulijadili: alikunja magoti, akaketi sakafuni kwenye maji ya sabuni.

"Niko chini, bosi," alisema. "Mmoja akiwa chini imekwisha."

Udy aliinua betri tena. Wanaume waliokuwa uchi na waliokuwa wamevaa walimwangalia, na hakuna aliyesogea. Akaitupa ile betri ukutani, akatoka.

Veikko alifanya kazi maabara hadi alipostaafu. Alisahau siku za kuzaliwa, alisahau magari alipoyaegesha, lakini hakuna jina lililotoka mezani kwake na namba isiyo yake, maana hakuamini kumbukumbu hata kwa jambo dogo. Kila mara aliweka kidole na kuhesabu.

Na kila Jumapili alivuka ziwa. Viti vilikuwa viwili dirishani. Fernand alikuwa kimya. Rosaire alikuwa na maneno yake yote ya zamani na hakuna hata moja jipya, kwani lililoingia asubuhi halikufika mchana. Mwanzoni Huguette alimwacha Veikko mlangoni kwenye theluji. Baridi ya mwaka wa pili alimfungulia. Alimletea kahawa bila kumtazama.

Veikko alivuta kigoda, akaandika kwenye bahasha kuukuu, akamwonyesha.

"Oksidi ya shaba, namba mbili," Rosaire alisema papo hapo.

"Tazama kasimama na nani."

Rosaire aliweka kidole, akasogeza midomo. Ilimchukua muda, na Veikko hakumsaidia. "Moja," akasema mwishowe, akachukia. "Ubahili wa Wafini." Halafu akagusa kisogo chake, pale ambapo nywele hazikuota tena, na kama kila Jumapili akauliza ni nani aliyempiga.

"Mimi," Veikko alimjibu, kama kila Jumapili.

Rosaire alimtazama kuanzia viatu hadi mvi, akaanza kucheka, akamgeukia kaka yake ili acheke naye.

"Wewe?" akasema. "Wewe hukuwahi kuniangusha hata siku moja."